Tuhuma si Hatia

Hivi majuzi nilialikwa Lokichoggio kuamua mdahalo wa wanafunzi wa sekondari. Hoja ilikuwa kwamba Asbel Kiprop aondolewe miongoni mwa mashujaa wa riadha wa Kenya. Msichana mmoja akatamka: "Ana tuhuma, kwa hiyo ana hatia." Mwalimu wa isimu hawezi kuyaacha maneno hayo yapite.

Tuhuma hukaa moyoni mwa anayeshuku, hatia huthibitishwa. Mwaka 2008, mjini Beijing, Kiprop alimaliza wa pili katika mita 1,500, akapewa dhahabu baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kugunduliwa ametumia dawa. Ajabu ya mambo, sampuli ya Kiprop mwenyewe, ya Novemba 2017, ilikutwa na EPO. Alikana, lakini mwaka 2019 alifungiwa miaka minne. Hatia hiyo ina tarehe. Ubingwa wake wa dunia wa 2011, 2013 na 2015 haukufutwa. Umeachiwa tuhuma tu.

Waandishi wa besiboli huko Marekani nao walitatizwa hivyo hivyo. Barry Bonds hakuwahi kufungiwa kwa dawa, lakini mwaka 2022, katika kura yao ya mwisho juu yake, alipata asilimia 66 pekee, ilihitajika 75.

Anayetoa heshima ana haki ya kuinyima, ila aseme anainyima kwa neno lipi. Vinginevyo, binti wa Turkana atakayeshinda kesho atashukiwa kwa kuwa tu ni Mkenya.

Niliwapa ushindi waliopinga hoja, kwa alama mbili. Yule msichana hakuridhika, akaniomba kamusi.