Je, Wajua? Kitofali cha 1958 bado kinashika

Kitofali cha LEGO kilichotengenezwa mwaka 1958 kinashikana barabara na kilichotoka kiwandani juzi. Kampuni hiyo ya Billund, Denmark, iliwasilisha ombi la hataza ya mfumo huo wa kushikana Januari 28, 1958, na umbali kutoka kinundu kimoja cha juu ya kitofali hadi kingine bado ni milimita 8. Kwa hiyo mtu mzima anayeurudia mchezo wa utotoni hana haja ya kununua kila kitu upya. Sanduku lililosahaulika juu ya kabati linafaa.

Wengi wanaorudi hivyo huanza kwa kurekebisha gari dogo la LEGO, na wamechagua vyema. Magari ya Speed Champions, mfululizo wa LEGO wa magari, yalikuwa na upana wa vinundu 6 hadi mwaka 2020, yalipopanuliwa kuwa 8 ili vinyago viwili vya watu viweze kukaa bega kwa bega. Mwenye gari jembamba hulifungua katikati, akaongeza safu mbili, akasogeza magurudumu nje. Shida ni kioo cha mbele: hicho hakipanuki, lazima utafute kingine.

Na matairi je? Mwaka 2011 LEGO ilitengeneza zaidi ya milioni 300, ikazipita kampuni zote za matairi ya magari halisi.