VVU Walivikuta Huko Huko

Mhamiaji akigundulika na VVU, wenyeji hudhani kavitoa kwao. Mara nyingi damu yake yenyewe hukanusha.

VVU huangamiza chembe za kinga ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Asipotumia dawa hupungua kwa makumi kadhaa kila mwaka, na zikishuka chini ya 200 tunasema amefikia hatua ya UKIMWI. Sasa chukua mwanaume aliyehamia Madrid miaka kumi iliyopita. Leo kapimwa kwa mara ya kwanza, ana virusi, na CD4 zake ni 480. Angekuwa na virusi miaka yote hiyo bila dawa, kwa kawaida zingekuwa chini zaidi. Yaelekea aliambukizwa Ulaya. Makadirio haya yanaweza kumkosea mtu mmoja, maana miili haifanani, lakini wakipimwa mamia picha hutulia.

Utafiti wa aMASE, uliofanywa katika nchi tisa za Ulaya kuanzia 2013 hadi 2015, ulikadiria kuwa asilimia 63 ya wahamiaji wenye VVU waliambukizwa baada ya kuhama. Kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume ilikuwa asilimia 72.

Kwa nini wao zaidi? Maelezo yanayopendwa ni kwamba walitoka kwenye kubanwa, wakaonja uhuru, wakajisahau. Yana ukweli wake, ila naona yana haraka ya kulaumu. Mwanasosholojia Héctor Carrillo, aliyewachunguza wanaume wa Mexico waliohamia San Diego, alionyesha katika kitabu chake cha 2017, Pathways of Desire, kwamba sababu za kuhama huchanganyika: kazi, mpenzi, kuchoka kusemwa na ukoo, na aghalabu zote humkuta mtu yule yule.

Hata hivyo sababu iliyotangulia huamua atakapofikia. Aliyefuata kazi hufikia kwa binamu. Analala sebuleni, anatuma hela nyumbani, na siri yake bado kaibana. Kliniki ya mtaani haendi, asije akakutana mapokezi na mtu anayemjua mama yake. Aliyefuata uhuru huingia katika hesabu nyingine. Kama katoka mji mdogo ambako virusi ni adimu, akahamia kitongoji ambako vimeenea miongoni mwa wanaume kama yeye, hatari imepanda hata kama idadi ya wapenzi wake ni ile ile. Tabia hajabadilisha, kabadilisha mji.

Aliyekimbia mateso ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mwaka 1990, katika kesi ya Mcuba Toboso-Alfonso, bodi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani ilikubali kwamba mtu anaweza kulindwa kwa kuwa anateswa kwa sababu ya kupenda jinsia yake. 1994 Mwanasheria Mkuu Janet Reno akaufanya uamuzi huo uwe mwongozo kwa kesi nyingine. Hifadhi ikapatikana, lakini kwa kuisubiri. Kwa muda mrefu utaratibu umekuwa kwamba mwombaji akae siku 150 baada ya kuwasilisha maombi ndipo aombe kibali cha kazi. Muda wote huo anakula kwa nani? Anayemhifadhi ndiye mwenye kitanda na sufuria, na anaweza pia kuwa mwenye kauli ya mwisho kuhusu kondomu. Utegemezi wa namna hii unaweza kumkuta pia Mganda aliyekimbilia Kenya baada ya sheria ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ile ya 2014 au ya 2023.

Halafu kuna hofu ya makaratasi. Tangu 1987 hadi Januari 2010 Marekani iliwazuia wageni wenye VVU kuingia. Katazo limefutwa, lakini habari zake bado zinatembea, na wapo wanaoamini kuwa kipimo cha kliniki huishia mezani kwa ofisa uhamiaji. Mtu wa namna hiyo hata vidonge vya PrEP, vilivyoidhinishwa huko 2012 kuzuia maambukizi, atavisikia redioni tu. Mhudumu anayetaka kumfikia asianze kumhesabia wapenzi. Amwambie kwanza majibu yanakwenda kwa nani na hayaendi kwa nani, kisha amuulize analala wapi.