Je, Mtafiti Achezaye Kwao Hutunzwa?

Katika mtaa wa Free Area ninamoishi, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, mtu akisikia kwamba mwana wa jirani amehitimu shahada ya uzamivu katika biolojia ya seli, huuliza swali moja tu: "Ataanza kufundisha lini?" Swali hilo si la ujinga. Ndiyo njia pekee tuliyowachongea vijana hawa.

Huko Ulaya na Marekani, mhitimu kama huyo kwa kawaida hukaa kwanza miaka kadhaa katika maabara ya bingwa, akitafiti na kukomaa. Ngazi ya kawaida ya vyuo vyetu humtoa mtu kwenye uhadhiri msaidizi hadi uprofesa. Hatua ya utafiti mtupu haimo, wala haina jina lililozoeleka katika Kiswahili. Mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza kwamba mhadhiri sharti awe na uzamivu. Agizo hilo lina manufaa yake, lakini pia humvuta daktari mpya moja kwa moja darasani.

Kuna hasara gani? Tutazame zizini. Ndigana, maradhi yaenezwayo na kupe, husababishwa na kimelea kinachoingia katika seli nyeupe za damu ya ng'ombe na kuzifanya ziongezeke mithili ya saratani. Fumbo kama hilo halifumbuliwi na mtu mwenye mitihani mia mbili ya kusahihisha.

Kwamba kazi hiyo yawezekana hapa nchini, hapana shaka. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha ICIPE mwaka 1970. Maabara ya ILRAD ilianzishwa Nairobi mwaka 1973, ikaingizwa katika ILRI mwaka 1994. Watafiti wa ILRI walishiriki kuusoma mpangilio wa jeni za kimelea cha ndigana, uliochapishwa mwaka 2005. Hata hivyo, taasisi hizi ni za kimataifa, hutegemea mno wafadhili, na nafasi zake ni chache.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda hazina ya kitaifa ya utafiti na kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo ingali deni. Ilipwe, na sehemu yake igharimie nafasi za utafiti wa miaka mitatu mitatu katika vyuo vyetu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji tunao, uwanja ndio haujafagiliwa.