"Meno ya plastiki": kinachong'olewa ni kitu gani hasa?

Kama umekulia Tanzania, huenda umewahi kusikia habari za "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita "meno ya nailoni". Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, hataki kunyonya. Bibi au jirani anamfungua mdomo, anaona fizi zimetuna pembeni, na hukumu inatoka hapo hapo: apelekwe akang'olewe, la sivyo atakufa. Leo tuangalie kinachong'olewa ni kitu gani.

Jibu ni fupi: ni jino la kawaida la mtoto, ila halijakomaa.

Turudi nyuma kidogo, kwenye ujauzito. Meno ya utoto yako 20, na huanza kutengenezwa mimba ikiwa na wiki kama 6, wakati akina mama wengine hata hawajajua kwamba wana mimba. Kufikia mwezi wa nne, madini yanaanza kujijenga kwenye meno hayo. Ndiyo maana mjamzito hapaswi kujinywea tetrasaiklini ovyo: dawa hiyo hung'ang'ania kwenye meno ya mtoto yanayojengwa na kuyaacha na rangi ya manjano au kahawia. Kwa hiyo mtoto anazaliwa na meno yote 20 yakiwa ndani ya fizi, yanasubiri zamu.

Zamu ya meno ya chonge huchelewa. Meno ya mbele huanza kuota kwenye miezi 6 hivi, lakini chonge hutokeza kati ya miezi 16 na 22. Wakati wote huo zinakua chini ya ufizi, na ufizi wa hapo unatuna na kuonekana mweupe kidogo. Huo ndio uvimbe anaouona bibi. Ukiupasua utakuta kitu laini, cheupe, kisichofanana na jino tulilozoea. Si ajabu watu wakakiita plastiki.

Sasa mbona mtoto hupona akishang'olewa? Kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku chache. Mtoto hupelekwa siku ambayo hali imekuwa mbaya kabisa, kwa hiyo mara nyingi angepata nafuu hata asingeguswa. Na kwa nini iwe miezi hiyo hiyo? Kwa sababu ndipo kingamwili alizopewa na mama tumboni zinapopungua, anaanza kula vyakula vingine, anatambaa, na kila anachookota kinakwenda mdomoni. Fizi kutuna na kuhara vinakuja wakati mmoja, lakini kimoja hakikusababisha kingine.

Hasara yake ni kubwa. Kazi hiyo hufanywa bila ganzi, kwa wembe, sindano au spoku ya baiskeli. Mtoto ambaye tayari ameishiwa maji anapoteza na damu. Anaweza kupata pepopunda, sumu kwenye damu, hata VVU, na wapo waliofariki. Anayepona anaweza kukua na chonge ya ukubwani iliyoharibika au asiwe nayo kabisa, maana chipukizi lake liko jirani na lile lililochimbwa.

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya, apewe ORS, na apelekwe kituo cha afya apate vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, ni hospitali mara moja.

Na meno yenyewe? Utunzaji unaanza na mama. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Fizi zikitoa damu asiache mswaki. Homoni za ujauzito huzifanya zivimbe upesi. Aende kwa daktari wa meno na amwambie ana mimba, kwani kutibiwa meno ukiwa mjamzito kunawezekana. Mtoto naye, jino la kwanza likitokeza tu, apigwe mswaki laini wenye dawa kiasi cha punje ya mchele.

Tusimcheke bibi. Anaogopa kumpoteza mjukuu, na hofu hiyo ina msingi, maana kuhara kunaua. Kaa naye, mwoneshe ufizi ule ule kwa kidole, mwambie hiyo ni chonge inakuja, kisha mwende wote kituo cha afya.