Viazi Mviringo Kwenye Gunia: Tafuta Ubaridi Kwanza

Viazi mviringo si mizizi. Ni ncha za mashina membamba yanayotambaa chini ya udongo, zikavimba kwa kuhifadhi wanga. Ncha hizo zinahitaji giza, unyevu usiokatika na, zaidi ya yote, udongo wa baridi. Nyuzi joto 15 hadi 20 za Selsiasi ndizo bora. Udongo ukizidi 25 kwa muda mrefu, mmea hustawi majani tu, na mwenye gunia akija kuvuna anaambulia viazi vichache vidogo.

Kwa hiyo mkazi wa Njombe, Lushoto au Limuru ana kila sababu ya kupanda uani. Aliye Dar es Salaam au Mombasa namshauri gunia lile lile alipande viazi vitamu. Matembele atachuma mapema, viazi vitafuata.

Hata nyanda za juu, chombo kinaweza kumwangusha mkulima. Ndoo nyeusi inayopigwa na jua la mchana hupata joto haraka kuliko ardhi ya shamba. Chagua gunia au ndoo ya rangi nyeupe, toboa matundu chini, kisha uweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Tandaza majani makavu juu ya udongo. Ndoo ya lita 20 inatosha mbegu moja, na ukibana sana, mbili.

Wengi wameaminishwa kwamba ukizidi kuongeza udongo hadi gunia lifike kifuani, viazi vitajaa kutoka chini hadi juu. Mimi sikubaliani na ahadi hiyo. Mashina yanayozaa huchipuka zaidi kwenye vifundo vya chini, karibu na mbegu. Udongo unaoongezwa shina likirefuka una kazi nyingine kubwa: kuzuia mwanga. Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani na kuongeza solanini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Anza na sentimita 15 za udongo chini ya mbegu, ongeza mara mbili au tatu, inatosha.

Kwenye mbegu usibane matumizi. Kiazi cha sokoni kinaweza kubeba mnyauko bakteria bila dalili yoyote, ukaja kuona mmea umenyauka ghafla ilhali udongo ni mbichi. Tafuta mbegu iliyothibitishwa, yenye ukubwa wa yai la kuku, macho yakiwa yamechipua kidogo.

Changanya samadi iliyooza vizuri na udongo usiowahi kupandwa nyanya. Majivu nayaogopa: yakizidi hupunguza tindikali ya udongo, na ukoko wa ngozi ya viazi hushamiri hapo.

Maji ndiyo mtihani. Gunia hukauka upesi, na mmea ukikaushwa kisha ukafurikishwa, viazi hupasuka au kuota vinundu. Chomeka kidole kila siku, hasa maua yanapoanza kutokeza, kwani ndipo viazi vinapojaa. Ukikuta pakavu, mwagilia hadi maji yachuruzike chini.

Majani yakishanyauka, subiri wiki mbili ngozi ikaze ndipo umwage gunia. Udongo huo usiurudishie viazi, nyanya, biringanya wala mnavu msimu unaofuata. Wadudu na magonjwa yao ni yale yale. Panda maharage au sukuma wiki.