Kuchora maua pamoja kwa kalamu za akriliki: maelezo kwa wawezeshaji wa Likasi

Mwezeshaji anayekutanisha watoto wa mitaa mbalimbali ya Likasi hupambana mapema na swali dogo: wachore nini? Ukiwaambia wachore nyumbani, mmoja atachora nyumba ambayo babu yake alifukuzwa, na jirani yake ataitambua. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika makao yao Katanga. Hapa Likasi maelfu ya watu walilala kwenye kituo cha gari la moshi, wakingojea treni ya kuwapeleka katika mkoa ambao wengine wao hawakuwahi kuuona. Watoto wa leo hawakuwapo, lakini masimulizi wanayasikia nyumbani, kila upande na ya kwake.

Ndiyo maana tunashauri kuanza na maua. Ua halina kabila, na hapa kwetu tunayo ya kipekee. Liko ua la shaba, ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense. Huota kwenye udongo wenye shaba nyingi, ambao huua mimea mingine. Wataalamu wa miamba wamelitumia kutafutia madini, na wachunguzi wa mambo ya kale wamelikuta likiota mahali ambapo mababu waliyeyushia shaba katika tanuri zao. Liko pia Crotalaria cobalticola, lenye maua ya njano yanayofanana na ya mbaazi, ambalo hupenda udongo wenye kobalti. Baadhi ya mimea ya vilima vya shaba vya Katanga haioti popote pengine duniani, na kilima kikichimbwa chote, nayo huondoka. Watoto wa wachimbaji huelewa jambo hili haraka kuliko sisi. Lakini msiwapeleke machimboni kuchuma maua. Leteni picha, au maua ya uani.

Sasa kalamu zenyewe. Ndani ya kalamu ya akriliki mna rangi iliyochanganywa na maji na gundi ya plastiki. Ikiwa mbichi, hutoka mkononi kwa maji na sabuni; ikikauka, haitoki tena, hasa kwenye nguo, kwa hiyo watoto wavae nguo za kazi. Hushika kwenye karatasi nzito, katoni, ubao, bati, hata jiwe. Katoni za maduka zinafaa kabisa na hazigharimu kitu.

Kwanza tikisa kalamu ikiwa imefungwa, mpaka usikie kigololi kikigonga ndani. Kisha ifungue na ubonyeze ncha yake polepole kwenye kipande cha karatasi cha kujaribia, mpaka rangi ishuke. Usiibonyeze juu ya mchoro wenyewe, maana inaweza kutema tone kubwa.

Tofauti na rangi za maji, akriliki huziba kilicho chini yake. Unaweza kupaka katoni rangi ya udongo, ukasubiri ikauke, kisha ukachora petali za njano juu yake na zikang'aa. Basi anza na mandhari ya nyuma, halafu maumbo makubwa ya majani na petali, na mwisho mishipa ya jani, kivuli, na nukta nyeupe za mwanga. Kila tabaka lingoje likauke. Dakika chache zinatosha, ingawa kwa watoto hizo ndizo ngumu kuliko zote. Ukipitisha kalamu juu ya rangi mbichi, karatasi huchanika na ncha huchafuka. Ikichafuka, ichorechore kwenye karatasi ya kujaribia mpaka irudie rangi yake.

Kalamu hizi ni ghali, na kikundi kikipata nne kinashukuru. Upungufu huo tunautumia. Watoto wanne hupewa katoni moja, na kila mmoja hushika rangi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye njano ndiye anayepaka njano yote. Anayetaka jani la kijani kwenye ua lake lazima amwombe mwenye kijani, na kumweleza anavyolitaka. Wapangeni watoto wasiotoka mtaa mmoja, bila kumuuliza yeyote asili yake.

Msiwape picha ya kunakili mstari kwa mstari. Pierre Romain-Desfossés, aliyeanzisha karakana ya wachoraji Lubumbashi mwaka 1946, hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, na Pili Pili Mulongoy akachora samaki, ndege na mimea kwa namna yake. Mtoto akichora ua la shaba lenye petali nyekundu, liacheni.

Mtoto akianza kuchora moto au askari katikati ya maua, msimkataze wala msimhoji mbele ya wenzake. Keti karibu naye, na uzungumze naye baadaye, faraghani.

Mkimaliza, fungeni vifuniko mpaka vilie, na kalamu mzilaze ubavu; zikisimamishwa, rangi hutuama upande mmoja na wiki ijayo hazitaandika.