Kijibwa cha dalali na hesabu ya wiki 15 pale Namanga

Biashara ya vijibwa vya manyoya, akina Maltese, Shih Tzu, Pomeranian na Chihuahua, hufanyika zaidi kwenye simu kuliko sokoni. Picha inatumwa, bei inatajwa, na mnunuzi wa Arusha au Dar es Salaam anaambiwa kuwa mbwa yuko Nairobi, amekwisha kuchanjwa na atavushwa Namanga na kijana wa kuaminika. Anayezungumza naye si mfugaji bali dalali. Huenda dalali huyo hajawahi kumwona mama wa kijibwa hicho, wala hajui kilizaliwa lini.

Udalali wenyewe hauna ubaya. Wengi mpakani wanasomesha watoto kwa udalali wa mahindi na ng'ombe. Lakini gunia la mahindi unalitoboa ukaona kilichomo kabla ya kulipa. Kijibwa kinaweza kuwa na ugonjwa na bado siku ya malipo kikatikisa mkia.

Ugonjwa unaoua zaidi hapa ni parvo. Virusi vikishaingia, dalili huchukua kati ya siku tatu na saba kujitokeza, wakati mwingine hadi wiki mbili. Ndipo kijibwa kinakataa kula, kinatapika na kuharisha damu. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo mwilini. Daktari wa mifugo hukitundikia maji na kukipa dawa za kuzuia kutapika na maambukizi mengine, gharama ikipanda kila siku. Hesabu siku hizo na utaona kwamba fedha imeshafika kwa dalali, na simu yake huenda haipokelewi tena.

Kisha kuna njaa. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni takriban kilomita 270, bila kuhesabu foleni. Mbwa wa kimo hicho akiwa chini ya miezi mitatu hana akiba ya sukari mwilini na anahitaji kula kila baada ya saa tatu au nne. Anayemshindisha njaa ili asichafue gari anaweza kumfikisha akiyumba kama mlevi au akiwa na degedege. Asali kidogo inayopakwa kwenye fizi humwinua kwa muda, wakati mnatafuta daktari. Wale wanaotangazwa kuwa wanaenea kwenye kikombe cha chai ndio walio hatarini zaidi. Hiyo si aina ya mbwa, ni jina la kuuzia. Wengine ni wadhaifu wa uzao wao, wengine wametolewa kwa mama kabla ya wiki nane.

Hapa mpaka wenyewe unaweza kukusaidia. Mnyama hai anahitaji kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi aendako, cheti cha afya cha nchi atokako na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ile hati rahisi ya uasili wanayotumia wauza nyanya kwa mzigo usiozidi dola 2,000 huondoa ushuru tu, haiwi kibali cha mifugo. Sasa piga hesabu. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha wiki 12, na kinga huhesabiwa kuwa imekamilika siku 21 baadaye. Jumla ni wiki 15. Dalali akikuuzia mbwa wa miezi miwili "mwenye karatasi zote za kuvuka", ama umri ni wa uongo au karatasi ndizo za uongo. Akipendekeza njia ya panya, ameshakujibu.

Itazame kadi ya chanjo yenyewe, si picha yake. Kila sindano iwe na kibandiko chenye namba ya toleo la chanjo, tarehe, sahihi na namba ya usajili ya daktari. Cheti cha ukoo, kama kile cha East Africa Kennel Club, kinataja wazazi. Hakisemi lolote kuhusu afya ya leo. Mfungue mdomo pia: mbwa wa miezi minne huwa ameanza kubadilisha meno ya mbele.

Kwa malipo, kubaliana kwa maandishi kwamba sehemu ya fedha itabaki mkononi mwako kwa siku 14, na kwamba daktari unayemchagua wewe atampima mbwa ndani ya saa 48. Dalali mwenye mzigo safi hana sababu kubwa ya kukataa.

Na kama kijibwa kimekufa kwa parvo, usikimbilie kununua kingine. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Kreti, bakuli na sakafu vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha vipakwe jiki, sehemu moja kwa 30 za maji, iachwe dakika kumi. Kikapu cha ukindu na blanketi kuukuu ni heri kuvichoma.